Je, Wajua? Majasusi, Mapenzi na Jiwe la Likasi

Je, wajua kwamba riwaya ya ujasusi, mapenzi na usaliti iliyotikisa wasomaji wa Kifaransa iliandikwa na mtoto wa Likasi? Mwandishi ni V.Y. Mudimbe, na kitabu ni Le bel immonde, kilichotolewa na Présence Africaine ya Paris mwaka 1976. Kama umekulia Kikula, Panda au Shituru na jina hilo hujawahi kulisikia, vuta kiti. Leo yako mengi.

Tuanze na siku aliyozaliwa: 8 Desemba 1941, mji ukiitwa Jadotville. Siku hiyo hiyo Marekani ilitangaza vita dhidi ya Japani! Vita hivyo vilimalizika kwa mabomu mawili ya atomiki, na urani nyingi ya mradi uliounda mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, kilomita kama 20 tu kutoka mjini kwake.

Sasa riwaya yenyewe. Ni mwaka 1965, katika mji mkuu, na nchi inaungua kwa uasi. Waziri wa serikali amezama katika mapenzi na msichana wa baa anayeitwa Ya. Watu wa kwao Ya, walio upande wa waasi, wanamjia na habari kwamba baba yake ameuawa, kisha wanampa kazi: aendelee kuwa na waziri wake, ila kila atakachosikia akifikishe kwao. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Umpende mtu usiku na umuuze asubuhi! Waziri naye ana siri zake, na ni nzito kuliko za msichana. Mwisho sikwambii, kwa sababu anayekuhadithia mwisho wa kitabu hiki amekunyang'anya nusu ya utamu.

Wasomaji wa Kiingereza waliisubiri miaka 13. Ilipotafsiriwa mwaka 1989, ilipewa jina jipya kabisa: Before the Birth of the Moon.

Mwaka huo wa 1965 haukuwa wa kubuni. Aprili 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuja kupigana Kongo. Na unajua jina lake la siri lilikuwa nani? Tatu! Wacuba walijipa majina ya namba za Kiswahili, na Víctor Dreke, aliyetajwa kama kiongozi wao, ndiye aliyeitwa Moja.

Ngoja, mapenzi pia yamo. Vita vilipomshinda, Che alijificha ndani ya ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, akaandika kumbukumbu zake za Kongo. Mapema mwaka 1966 mkewe, Aleida March, alimfuata huko kwa siri. Mtu aliyetafutwa na majasusi wa nusu ya dunia, na mke wake akampata!

Turudi kwa Mudimbe. Je, wajua kwamba kabla ya kuandika habari za mabaa na waasi alikuwa mtawa? Alilelewa na Wabenediktini tangu utotoni, akaishi katika monasteri ya Gihindamuyaga nchini Rwanda, kisha akaondoka akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini.

Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo miaka ya 1970, Valentin-Yves alilazimika kutafuta majina ya kiasili. Akachagua Vumbi Yoka. Zitazame herufi: V.Y. zile zile! Vitabu vyake vyote vikaendelea kubeba sahihi ileile.

Riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux ya 1973, inamhusu padri, Pierre Landu, anayeliacha kanisa lake na kujiunga na wapiganaji msituni. Huko nako anatiliwa shaka kuwa msaliti. Anautafuta ukweli maisha yake yote, na kila kambi inamwona mgeni. Kitabu hicho kilipata Tuzo Kuu ya Fasihi ya Kikatoliki mwaka 1975.

Na ipo nyingine, Shaba Deux, ya 1989. Hiyo ni shajara ya mtawa wa kike aliyenaswa na vita vya Kolwezi vya mwaka 1978. Umbali kutoka Likasi hadi Kolwezi unaujua mwenyewe, dada yangu. Huenda mama yako aliwapokea waliokuwa wakikimbia.

Mudimbe alihama Zaire mwaka 1980, Mobutu alipotaka kumwingiza katika kamati kuu ya chama chake. Akafundisha Marekani, akaandika The Invention of Africa (1988), kitabu kinachosomwa vyuoni dunia nzima. Alifariki Aprili 2025, akiwa na miaka 83.

Sasa tushuke mgodini, maana huko ndiko majasusi wa kweli walikotaka kufika.

Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp. Hakuna aliyeitaka urani wakati huo! Wengi waliiona takataka, au rangi ya kupaka vyungu na vioo. Kilichotafutwa kilikuwa radi (radium), chembe ndogo sana iliyojificha ndani ya jiwe hilo, ambayo madaktari waliitumia kutibu saratani.

Radi ilikuwa ghali kiasi gani? Shika hapo. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichangishana dola 100,000 wamnunulie Marie Curie zawadi. Walipata gramu 1. Moja tu! Mwaka uliofuata radi ya kwanza ya Katanga ikatoka kiwandani Olen, Ubelgiji, na wachimbaji wa Marekani wakafunga virago, kwa sababu hawakuweza kushindana na jiwe la Likasi.

Baadhi ya mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65. Kwingine duniani, jiwe lenye asilimia 1 lilihesabiwa kuwa zuri. Soma tena namba hizo mbili, kisha niambie kama hujashangaa.

Barua maarufu ya Albert Einstein kwa Rais Roosevelt ina tarehe 2 Agosti 1939, nayo inataja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Ila je, wajua kwamba mwanzoni barua ilipangwa iende kwa malkia? Einstein alifahamiana vizuri na Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, na wazo la kwanza lilikuwa kumwonya yeye, ili jiwe la Katanga lisiangukie mikononi mwa Hitler.

Mkurugenzi wa kampuni ya mgodi huo, Union Minière, Edgar Sengier, alionywa na Waingereza Mei 1939. Mwaka 1940 akaagiza kimyakimya zaidi ya tani 1,000 za jiwe zisafirishwe kupitia bandari ya Lobito hadi New York. Ziliwekwa ghalani Staten Island, ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000, na kwa karibu miaka miwili hakuna aliyeyaulizia.

Sengier aliwakumbusha maofisa wa Marekani mara kadhaa kwamba ana mzigo wa maana. Wao walitaka kumuuliza habari za kobalti! Hatimaye, tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols akaingia ofisini kwake kuulizia urani. Sengier akataka kwanza kujua kama mgeni wake ana mamlaka ya kununua au amekuja kuzungumza tu. Muda si mrefu makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi ya njano, na mzigo ukauzwa.

Vita vilipokwisha, Marekani ilimpa Sengier nishani kubwa ya raia, naye alikuwa raia wa kwanza wa kigeni kuipata. Lipo hata jiwe lenye jina lake, sengierite. Majina ya wachimbaji Wakongomani waliolibeba jiwe hilo kwa mikono yao, pasipo kinga yoyote, hayakuandikwa kwenye nishani yoyote. Hilo linaniuma, na nadhani hata wewe.

Kwa jumla, karibu theluthi mbili ya urani iliyokusanywa na mradi wa bomu ilitoka Kongo. Kulikuwa na njia ndefu: treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kisha majahazi ya Mto Kasai hadi Léopoldville, kisha treni tena hadi Matadi, kisha meli ikivuka Atlantiki yenye nyambizi za Wajerumani. Piga hesabu ya mabega na mikono iliyoshughulikia kila pipa!

Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na kilo kama 64 za urani. Iliyolipuka hasa ilikuwa chini ya kilo 1. Chini ya pakiti moja ya sukari, mama!

Sasa majasusi. Idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa vita iliitwa OSS, iliyoundwa Juni 1942, na CIA ikaja baada yake mwaka 1947. Je, wajua aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Afrika cha OSS alikuwa nani? Mtaalamu wa ndege! Rudyerd Boulton alikuwa akitunza mikusanyo ya ndege katika jumba la makumbusho la Chicago kabla ya kuanza kutunza siri za bara zima.

Mtu wake mkuu Kongo alikuwa mhandisi, Wilbur Owings Hogue, ambaye marafiki walimwita Dock. Jina lake la siri: TETON. Alitokea Liberia, akaingia Léopoldville mwaka 1943, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha jiwe la Shinkolobwe halimfikii Mjerumani.

Lakini neno urani halikutakiwa kutamkwa kabisa. Basi majasusi wakapewa kisingizio: wamekuja kuwakamata wanaotorosha almasi. Almasi zilikuwa zikitoroshwa kweli, kwa hiyo kisingizio kilikaa sawa mwilini, na ndiyo maana kilidumu kwa miongo mingi.

Jina la mgodi nalo lilifichwa. Katika barua na ripoti nyingi Shinkolobwe ilizungukwa tu bila kutajwa. Mwanahistoria Susan Williams alipochambua nyaraka za OSS na kutoa kitabu Spies in the Congo mwaka 2016, ilikuwa imepita miaka 70 na ushee tangu Hogue atue Léopoldville.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jasusi huyo Hogue, baada ya vita, aliandika riwaya za vijana! Mhusika wake anaitwa Bob Clifton, na anazunguka Afrika kama mwindaji wa tembo na msafiri wa misituni. Watoto wa Marekani walivisoma vitabu hivyo kitandani wakidhani ni hadithi tupu, na wala hawakujua mwandishi alikuwa ameilinda siri kubwa kuliko zote za vita vile.

Wajerumani nao hawakukosa jiwe la Katanga. Walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940 walikuta urani nyingi ya Kongo ikiwa imehifadhiwa huko. Kikosi maalumu cha Wamarekani, kikiongozwa na Boris Pash, kiliifukuzia Ulaya nzima hadi kilipoipata Stassfurt, Ujerumani, Aprili 1945. Tani 1,100 hivi, zote zikiwa zimetoka Katanga!

Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mchezaji wa besiboli aligeuzwa jasusi. Moe Berg, mdakaji wa timu kubwa na mjuzi wa lugha nyingi, alitumwa Zurich Desemba 1944 kusikiliza mhadhara wa mwanafizikia Werner Heisenberg. Mfukoni alikuwa na bastola. Amri ilikuwa hivi: ukisikia dalili kwamba Ujerumani inakaribia kupata bomu, mpige risasi palepale. Berg alisikiliza mpaka mwisho, akaona bomu halipo, akamwachia Heisenberg uhai wake bila mwenyewe kujua.

Usaliti mkubwa kuliko wote wa mradi huo ulifanywa na Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyeipa Urusi ya Kisovieti siri za bomu. Aliyezipokea kwake nchini Uingereza alikuwa Ursula Kuczynski, jasusi aliyeitwa Sonya. Walipokutana mashambani walitembea bega kwa bega kama wachumba, ili mpita njia asishuku kitu!

Fuchs alifungwa mwaka 1950. Sonya akakimbilia Ujerumani Mashariki akiwa na watoto wake. Huko akawa nani? Mwandishi wa riwaya! Alitumia jina la Ruth Werner, na wasomaji wengi hawakujua lolote hadi mwaka 1977, alipoyaandika mwenyewe maisha yake ya ujasusi.

Filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023 ina urefu wa saa tatu na ilinyakua Oscar 7. Jina la Shinkolobwe halisikiki humo hata mara moja. Kaka, ukimkuta mtu anaisifu, msimulie wewe sehemu iliyoachwa.

Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Watu walirudi baadaye kuchimba kobalti kwa sepeto na nyundo. Ingawa amri ya rais ilikuwa imeshapiga marufuku uchimbaji huo, Julai 2004 shimo liliporomoka na watu 8 wakafa.

Jadotville nayo, jina lile lilitoka wapi? Kwa Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji. Je, wajua kabla ya hapo alijenga nini? Reli ya China, kutoka Beijing hadi Hankou! Mji ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966.

Lakini Ireland hawajalisahau jina la Jadotville. Asubuhi ya 13 Septemba 1961, wanajeshi wao wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa walishambuliwa na majeshi ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na mamluki, na wengi wao walikuwa kwenye misa! Walipigana siku tano. Ndege ya Fouga iliwadondoshea mabomu, na maji waliyoletewa kwa helikopta yalikuwa yamewekwa kwenye madebe yaliyonuka petroli. Risasi na maji vilipokwisha walijisalimisha. Waliokufa kwa upande wao: sifuri. Waliojeruhiwa: 5.

Siri za redio walizilinda vipi? Walizungumza Kiairish! Katika Katanga yote, nani angewaelewa?

Waliporudi kwao waliitwa waoga. Kamanda wao, Pat Quinlan, alifariki mwaka 1997 bila kusafishwa jina. Wenzake hawakuacha kuudai ukweli: walibisha hodi ofisi baada ya ofisi hadi serikali ikawatunuku kama kikosi mwaka 2016, na mwaka 2017 kila mmoja akapata nishani. Juu ya nishani hiyo limeandikwa jina la mji wenu. Miaka 56! Likasi ingestahili kuwa na jiwe la ukumbusho la vita hivyo, na la raia wa mji waliokuwa katikati ya risasi.

Usiku ule ule Waairish walipojisalimisha, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka. Alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe. Walikuwamo watu 16, na hakuna aliyebaki hai.

Je, wajua ni nani Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kutafuta ukweli wa kifo hicho? Mswahili! Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, aliongoza jopo la mwaka 2015 na kisha akaendelea na uchunguzi peke yake. Ameandika ripoti baada ya ripoti, akizibana nchi kubwa zifungue makabati ya idara zao za ujasusi. Baadhi ya mashahidi waliopuuzwa mwaka 1961 walikuwa wachoma mkaa wa Kiafrika, waliosema waliona ndege nyingine angani. Sasa wanasikilizwa.

Sogea kidogo, tuna majasusi wengine. Larry Devlin, mkuu wa CIA Léopoldville, aliletewa sumu Septemba 1960 ya kumwua Patrice Lumumba. Alisema hakuitumia, na kwamba aliitupa katika Mto Kongo.

Naye mkuu wa majasusi wa Uingereza mjini humo alikuwa mwanamke aliyekulia Tanganyika! Daphne Park alipelekwa huko akiwa mtoto mchanga, akalelewa katika nyumba ya udongo isiyo na umeme. Huko Kongo aliwahi kumficha katibu mmoja wa Lumumba kwenye buti la kigari chake cha Citroën na kupita naye.

Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, baada ya kukabidhiwa kwa maadui zake. Barua yake ya mwisho aliiandikia mkewe, Pauline Opango. Mwili uliyeyushwa kwa tindikali, na polisi Mbelgiji akaondoka na jino. Binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji barua mwaka 2020 akilidai, na tarehe 20 Juni 2022 familia ikakabidhiwa. Jino moja, miaka 61 ya kulitafuta.

Na Tshombe? Tarehe 30 Juni 1967, siku ya uhuru wa Kongo, alikuwa amepanda ndege ndogo huko Hispania pamoja na Mfaransa Francis Bodenan, mtu aliyemwamini. Angani Bodenan akatoa bastola, ndege ikageuzwa hadi Algiers. Tshombe alifia kizuizini huko tarehe 29 Juni 1969. Ilibaki siku moja itimie miaka miwili kamili!

Majasusi wangapi waligeuka waandishi? Graham Greene alikuwa jasusi wa Uingereza mjini Freetown mwaka 1942. Mkuu wake baadaye, Kim Philby, alikuwa akiwauza wote kwa Warusi! Mwaka 1959 Greene alikuja Kongo kukaa na wagonjwa wa ukoma huko Yonda ili aandike A Burnt-Out Case. Na katika The Human Factor, ya 1978, ofisa wa ujasusi anaisaliti nchi yake kwa ajili ya mke wake Mwafrika.

Elvis Musiba alimpa msomaji wa Kiswahili jasusi wake mwenyewe, Willy Gamba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Uliza wazee wa Dar es Salaam: nakala moja ilipita mikono ya mtaa mzima.

Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobel wa 2021, aliandika Afterlives mwaka 2020. Kaka anakwenda vitani na Wajerumani mwaka 1914, harudi, na familia inamtafuta hadi kizazi cha pili.

Kisa cha namna hiyo kilitokea kweli. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, alikuwa askari mtoto wa Wajerumani. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai mishahara ambayo hawakuwahi kumlipa! Alibaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akaigiza katika filamu zaidi ya 20 na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Alikamatwa mwaka 1941 kwa kosa la kupendana na mwanamke Mjerumani, na akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Bado unataka riwaya moja ya safari? Chukua The Mission Song ya John le Carré, ya 2006. Shujaa wake ni mkalimani, Salvo, mtoto wa mama Mkongomani na padri wa Ireland, anayezungumza Kiswahili na lugha za Kivu. Ana mke London, ila anampenda Hannah, muuguzi kutoka Goma. Majasusi wa Uingereza wanampeleka kisiwani kutafsiri mkutano wa siri wa wababe wa Kongo, ambao mmoja anaitwa Mwangaza! Wanamweka chumba cha chini akiwa na vipokea sauti masikioni, asikilize hata yale wajumbe wanayonong'onezana nje ya ukumbi. Huko anasikia jinsi nchi ya mama yake inavyopangiwa bei. Basi Salvo anazikusanya kanda zote, anazificha ndani ya mkoba wake, na anapanda ndege pamoja na mabwana zake kurudi London.